Aende Sasa, au Angoje Mwaka?

Sisi tukaao karibu na uwanja wa ndege wa Luano, kaskazini-mashariki ya mji wa Lubumbashi, tumezoea kuinua macho. Ndege ikinguruma, watoto huacha mchezo wao, huitazama mpaka ipotee mawinguni. Kila mmoja hujiambia moyoni: Siku moja na mimi nitakwenda. Lakini leo hatutasema habari za wale wanaopanda ndege. Twataka kusema juu ya kijana aliye bado nyumbani, ana barua mkononi, mlango umefunguliwa mbele yake, naye asimama kizingitini hajui kama aingie au angoje.

Tumwazie binti mmoja wa Luano. Hatumtaji jina, kwa kuwa yeye si binti wa nyumba moja. Ni mfano tulioukusanya kutoka nyumba nyingi. Amefaulu mtihani wa Serikali wa kumaliza shule ya sekondari, naye amepata barua ya kukubaliwa kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Siku ya kwanza nyumba ilijaa majirani. Kuku alichinjwa, bukari ilisongwa, na mama mtu, ambaye ni mjane, alilia kwa furaha. Siku ya pili watu walianza kuhesabu fedha. Siku ya tatu usiku mjomba alikuja, wakakaa kushauriana.

Mambo yenyewe yalikuwa mazito. Mama alikuwa ameambiwa na daktari kwamba ana uvimbe tumboni, na kwamba yapasa apasuliwe. Wadogo wawili walikuwa shuleni, na karo yao, au minervali kama tusemavyo sisi, ilikuwa haijalipwa. Basi binti mwenyewe akasema kwa upole, “Mjomba, naona heri ningoje mwaka mmoja. Nitamwuguza mama, nitafanya biashara kidogo kwa ajili ya wadogo zangu. Mwaka ujao nitakwenda kusoma.”

Wote wakamsifu. Mjomba alisema, “Huyu ni mtoto mwenye heshima.” Bibi peke yake, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, hakusema neno. Walipotaka kuondoka akauliza, “Mjukuu wangu, huo mwaka ukiisha, ni kitu gani kitakuwa kimekwisha?”

Hakuna aliyeweza kumjibu usiku ule. Swali hilo ndilo twataka kulichungua leo pamoja nanyi, wazazi na wanafunzi.

METHALI MBILI ZA NYUMBA MOJA

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mstahimilivu hula mbivu. Walakini ni wazee haohao waliotuambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, walijipinga? Sivyo. Walijua kwamba kuna kungoja kwa namna mbili. Mkulima aliyepanda mahindi hungoja, lakini katika kungoja kwake hupalilia, hufukuza ndege, naye aujua mwezi wa kuvuna. Mtu aliyeketi kando ya njia pasipo na gari naye hungoja. Wote wawili waitwa wenye kungoja, lakini mmoja wao hatakula.

Basi tusimwulize kijana tu kama atangoja au hatangoja. Tumwulize: Unangoja nini?

WALE AMBAO MLANGO HAUKUWAPO

Twende kwanza katika hospitali kubwa ya mji wetu. Watu wa Lubumbashi huiita Sendwe, na wengi waitaja kila siku bila kufikiri jina hilo latoka wapi. Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Kabongo. Alikuwa mwalimu, akajifunza uuguzi, kisha akawa msaidizi wa daktari. Alitamani kuwa daktari kamili, lakini katika Kongo ya ujana wake hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium, karibu na Leopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Siku hizo Sendwe alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Baadaye aliingia katika siasa akawa kiongozi wa chama cha Balubakat, naye aliuawa mwaka 1964 mjini Albertville, ambao leo waitwa Kalemie. Ndiyo kusema, hospitali ambayo vijana wetu wa tiba hupita milangoni mwake ina jina la mtu aliyeutaka udaktari asipate pa kuusomea. Kijana mwenye barua ya kukubaliwa asilisahau jambo hilo.

Wasaidizi wa daktari kama Sendwe walifundishwa miaka mingi, wakafanya kazi kubwa mijini na vijijini, lakini cheti chao hakikuwa cha udaktari. Ilipofika siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi yote ya Kongo haikuwa na daktari Mkongo aliyehitimu chuo kikuu. Majuma machache baadaye ghasia zilitokea, na sehemu kubwa ya madaktari wa kigeni wakaondoka. Hospitali zikabaki na wauguzi na wale wasaidizi.

Hapo ndipo shauri la kwenda au kungoja lilipowafikia watu hao kwa ukali. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari kutoka nchi nyingi kushika nafasi zilizoachwa wazi. Tena likawapa wasaidizi Wakongo msaada wa masomo, waende Ufaransa wakamalize udaktari. Fikirini wenyewe! Mtu ana mke na watoto. Wodi imejaa wagonjwa. Na barua yamwambia aondoke. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema, Ningoje kwanza nchi itulie, ni yeye. Hata hivyo makumi yao wakaondoka, wa kwanza mwaka uleule wa 1960, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari kamili.

Je, waliwatupa wagonjwa wao? Tuangalie mambo mawili. La kwanza, palikuwa na mtu mwingine wa kushika zamu yao. Daktari wa kigeni aliweza kumtibu mgonjwa wa mwaka 1960, lakini hakuweza kuwa daktari Mkongo wa mwaka 1970. Kazi hiyo ya pili ilikuwa ya wenye nchi peke yao. La pili, miaka waliyokuwa wamefanya kazi haikupotea. Walihesabiwa mafunzo yao ya zamani, hawakuanza na watoto wa mwaka wa kwanza.

Hapa kuna mafundisho kwa kijana wa leo. Kabla ya kusema, Siwezi kuondoka kwa kuwa nahitajiwa, na auulize moyo wake: Je, hakuna mwingine wa kushika zamu yangu hapa nyumbani? Na mwaka nitakaoutumia kungoja, chuo kitanihesabia?

WALIOCHELEWA WAKAFIKA

Lakini tusiwatishe wale ambao wamechelewa, maana wengine huchelewa bila kosa lao. Nasi wa Luano twajua. Mwaka 1961 uwanja wetu huu ulikuwa mahali pa vita kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga. Kijana wa siku zile hakuulizwa kama apenda kungoja. Vita ndiyo iliyomngojesha.

Tumtazame Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyezaliwa mwaka 1955. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na mtoto alifuatana naye kwenda kuwaombea wagonjwa. Akamwuliza baba kwa nini yeye huomba tu wala hatoi dawa. Hapo ndipo hamu ya udaktari ilipozaliwa. Walakini alipomaliza sekondari mwaka 1974 hakuingia mara moja katika tiba. Alikaa miaka miwili Kinshasa katika masomo ya ufundi wa uhandisi. Mwaka 1976 ndipo alipoanza tiba, tena si katika nchi yake bali Burundi, akahitimu mwaka 1983. Alifanya kazi katika hospitali ya Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambamo wanawake wengi sana walioumizwa vitani wametibiwa, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ile miaka miwili haikumzuia. Lakini angalieni: alipoona kwamba njia aliyomo si yake, hakukaa humo mpaka mwisho kwa haya. Aligeuka.

Albert Schweitzer naye, mwanatheolojia na mpiga kinanda mashuhuri wa Ulaya, alianza kusoma tiba mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 30, na wengi walimshangaa. Mwaka 1913 alifika Lambarene katika nchi ya Gabon, akaanzisha hospitali yake. Basi mtu asimwambie kijana wa miaka 20 kwamba mwaka mmoja umemzeesha.

SERIKALI ILIPOAMURU KUNGOJA

Jirani zetu wa Tanzania walipata kulijaribu jambo hili kwa nchi nzima. Mwezi wa Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, kikaamua kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwanza afanye kazi kwa miaka miwili au zaidi, tena ashuhudiwe na wenzake kazini kuwa ni mtu mwema. Nia yake ilikuwa nzuri. Mwalimu Nyerere hakutaka wasomi wanaojiona mabwana juu ya wakulima waliowalipia masomo. Na ni kweli kwamba daktari aliyewahi kushika jembe au kubeba mzigo wa mwenziwe humsikiliza mgonjwa kwa sikio jingine.

Lakini yalionekana na madhara. Wengi waliokwenda kazini hawakurudi shuleni. Mshahara mdogo ni mtamu kwa mtu ambaye hajawahi kupata mshahara. Wasichana ndio waliopungua zaidi, kwa kuwa katika miaka ile miwili waliolewa wakapata watoto. Ikabidi wasichana waondolewe sharti hilo, na baadaye likaachwa kabisa.

Wazazi, msikilize vizuri hapa. Mwaka wa kungoja wa mvulana na mwaka wa kungoja wa msichana si mwaka mmoja. Mvulana akibaki nyumbani, watu husema, Anangoja masomo. Msichana akibaki nyumbani, maji ni yake, makala ni yake, wagonjwa ni wake, watoto wa dada ni wake. Tena kabla ya miezi sita wachumba wamekwisha kupiga hodi. Hakuna aliyekusudia kumnyang'anya masomo. Kila mtu alimwomba kitu kidogo tu, na vitu vidogo vikamaliza mwaka.

SABABU ZA KWELI NA SABABU ZA KUJIFICHA

Basi ni sababu gani zinazostahili kumchelewesha kijana? Ziko. Ugonjwa wake mwenyewe ni sababu. Masomo ya tiba ni ya miaka sita au zaidi, na mwaka wa kwanza, pamoja na fizikia, kemia na biolojia yake, huwaangusha wengi wenye afya njema. Sembuse mtu aliye dhaifu. Kifo cha aliyekuwa akilisha nyumba ni sababu, kama hakuna mwingine wa kushika mzigo hata kwa muda. Kukosa karo kabisa ni sababu, maana kuanza Oktoba na kufukuzwa Januari ni hasara mara mbili: fedha zimeliwa na moyo umevunjika. Kutojua bado kama kweli wataka udaktari, au kwamba ni baba anayeutaka, nayo ni sababu, tena ni heri kuisema mapema kuliko kuisema mwaka wa nne.

Lakini ziko sababu nyingine ambazo huvaa nguo za wema ili zisitambuliwe. Kubwa kati yao ni hofu. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake ajua kwamba chuoni atawakuta wa kwanza wengi. Aogopa kuanguka mbele ya watu waliomchinjia kuku. Hawezi kusema, Naogopa. Kwa hiyo husema, Mama ananihitaji. Hasemi uongo, maana mama kweli anamhitaji. Lakini si hilo linalomzuia.

UKINGOJA, NGOJA HIVI

Ikiwa, baada ya kufikiri na kusali, mmeona kwamba kungoja ni lazima, basi fanyeni kwa utaratibu, kama yule mtu wa Injili atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama.

Kwanza, nenda chuoni mwenyewe ukaulize: Je, nafasi yangu yaweza kuwekwa mpaka mwaka ujao? Usiridhike na neno la mlangoni. Ikiwa wakubali, omba karatasi yenye mhuri. Ikiwa hawakubali, ujue kwamba huahirishi masomo. Unaiacha nafasi, na mwakani utaomba upya pamoja na wengine. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na wengi wamelia kwa kutoyatenga.

Pili, andikeni nyumbani kwenu mambo yanayongojwa, na tarehe ya mwisho. Msiandike, Mpaka hali iwe nzuri. Andikeni, Mpaka karo ya mwaka wa kwanza ipatikane, na fulani atatoa kiasi hiki kila mwezi. Fedha hizo zisikae katika mfuko wa matumizi ya nyumba, maana mfuko wa nyumba hauna chini.

Tatu, akili isilale. Kijana ashike vitabu vyake vya biolojia na kemia kila juma, asaidie katika zahanati au kituo cha afya wakimpokea, hata kama ni kufagia na kuandika majina ya wagonjwa. Mwaka mmoja wa kuona vidonda, kusikia vilio na kuwashika wazee mkono utamwambia kama kweli ameitwa kwenye kazi hii. Akitoka humo bado aitaka, hajapoteza mwaka.

JIBU LA SWALI LA BIBI

Turudi sasa katika ile nyumba ya Luano. Jumapili baada ya Misa walikutana tena, na safari hii mjomba alikuja na kalamu. Akaandika swali la bibi juu ya karatasi: Mwaka ukiisha, ni kitu gani kitakuwa kimekwisha?

Walianza na ugonjwa wa mama. Daktari alikuwa amesema kwamba baada ya kupasuliwa itampasa mgonjwa kupumzika majuma sita, na asibebe mzigo kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mjomba akaiandika miezi mitatu, akaitazama. Haja ilikuwa ya miezi mitatu, nao walikuwa karibu kumnyang'anya mtoto mwaka mzima! Mke wa mjomba akasema atalala hapo majuma mawili ya kwanza. Mama mmoja wa jumuiya yao ya kikristo akaahidi kwamba wenzake watapeana zamu za kuteka maji na kupika. Binti atakuwa nyumbani usiku na siku za Jumapili, kwa kuwa hakwenda kusoma Ulaya. Chuo ki katika mji huuhuu.

Karo za wadogo wawili zilikuwa ngumu zaidi. Walihesabu, wakaona kwamba hata binti akiuza bidhaa sokoni mwaka mzima, faida isingetosha karo za wadogo na karo yake pia. Mwaka ujao wangekuwa palepale, isipokuwa barua ingekuwa imechakaa. Mjomba akachukua mzigo wa mdogo mmoja. Kwa mwingine wakaamua kwenda kuzungumza na mkuu wa shule, walipe kidogo kidogo.

Karatasi ilipojaa, bibi akamgeukia mjukuu wake. “Sasa mama amepata wa kumwuguza. Wewe wabaki na sababu gani?”

Binti akainamisha kichwa. Baada ya kimya kirefu akasema, “Bibi, naogopa. Wanasema mwaka wa kwanza huanguka watu wengi.”

“Haya, sasa umesema,” bibi akajibu. “Hofu hiyo ukiiacha mlangoni mwaka huu, mwakani utaikuta palepale, nayo itakuwa imenona.”

Basi binti akaanza Oktoba. Hatusemi kwamba atafaulu kila mtihani. Hilo hakuna ajuaye. Twasema tu kwamba hakuzuiwa na mwaka usio na jina.

Wazazi, mkiwa na mtoto mwenye barua ya namna hii, msiharakishe kumsifu anaposema kwamba atangoja, wala msimkaripie. Chukueni karatasi, ketini pamoja, mwulizane swali la yule bibi. Likipata jibu lenye kitu na tarehe, mwacheni angoje, nanyi mmlindie mwaka wake kama mnavyolinda mbegu. Likikosa jibu, mfungieni sanduku lake, mmsindikize.